Kandambili, Raizoni na Mlango wa Uwanja

Nje ya kibanda cha video, Bulumbi, wilayani Busia, Uganda, huwa pana ubao mweusi umeegeshwa. Mechi za wikendi zimeandikwa kwa chaki: saa, majina ya timu, na chini kabisa kiingilio. Ndani ni benchi za mbao, joto la mabati na jenereta inayokohoa nyuma ya ukuta. Aliyekuja kuwaona Manchester United hulipa mlangoni kama anayeingia uwanjani, na akishaketi anazo haki zote za shabiki: kumlaani refa, kumfukuza kazi kocha na, tangu mwaka 2005, kuitukana familia ya matajiri wa Kimarekani ambayo haijapata kulisikia jina la Bulumbi.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Wapo wanaosema familia hiyo, ya Glazer, haitaiachia timu mpaka watu waache kuitazama. Wapo wanaowacheka: mtu wa Bulumbi akisusia, Old Trafford haitapungukiwa hata senti, atakayelala njaa ni jirani yetu mwenye kibanda. Hoja ya pili ni nzito, na huwa inashinda, kwa sababu mechi inaanza na hakuna aliyetoka nje.

Ubishi huo si mgeni kama jezi zinazovaliwa humo. Afrika Mashariki imegombania umiliki wa timu zake kabla Glazer hajajua mpira wa miguu unachezwa na watu wangapi. Tofauti ni namna tulivyogombana. Waingereza walisusia. Sisi tuligawanyika. Sababu ya tofauti hiyo ni kadi ndogo ya uanachama, ambayo wengi wa vijana wanaovaa jezi leo hawajapata kuishika.

Tuanze na timu iliyo karibu. Wasamia wa Bulumbi wana ndugu zao ng'ambo ya pili, Kenya, tangu Waingereza walipoukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda mwaka 1902 na kuutia katika himaya ya jirani. Mpaka ulipita katikati ya koo, lakini haukuzuia harusi wala matanga, na mpira nao ulivuka. Nairobi ya miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa na vyama vya kila watu wa nyumbani, vya kuzikana na kuchangiana nauli, na karibu kila chama kilikuwa na timu. Mwaka 1964 timu za Waluhya ziliunganishwa: Marama, Bukhayo, Bunyore, Kisa, Tiriki na nyingine, ikiwemo Samia Union. Ndipo ilipozaliwa Abaluhya, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya Kenya ilipotaka majina ya kikabila yafutwe, ilijiita AFC Leopards. Wapenzi wake waliendelea kuiita Ingwe, chui, na kuipigia ngoma za isukuti. Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968 kwa muungano wa timu za Wajaluo, imebaki na jina lake, ambalo ni la mtu, mganga wa masimulizi ya kale.

Katika miaka hiyo Ingwe ilikuwa timu kwelikweli. Ilitwaa kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1979, ikiitwa bado Abaluhya, kisha 1982, 1983 na 1984 mfululizo. Sauti ya Leonard Mambo Mbotela kwenye redio ya Kenya haikuonyesha pasi mpakani, ilifika Bulumbi kama ilivyofika Funyula. Na ukimuuliza msikilizaji wa siku zile timu hiyo ni ya nani, angekushangaa. Timu ni yetu. Hapakuwa na tajiri wa kumsusia. Kiongozi akiharibu, walimngoja kwenye mkutano mkuu.

Mkutano mkuu ndio uwanja halisi wa historia hii, na mikutano mikali kuliko yote ilifanyika Dar es Salaam.

Young Africans, Yanga, ilianzishwa mwaka 1935. Husimuliwa kwamba mwaka uliofuata baadhi ya wanachama walikorofishana na wenzao, wakatoka, wakaunda timu yao iliyopita majina kadhaa mpaka kuitwa Sunderland, na mwaka 1971 ikawa Simba. Maana yake mahasimu wakubwa kabisa wa ukanda huu ni matokeo ya ugomvi wa ndani ya nyumba moja. Desturi ikawa hiyo: mwanachama asiyeridhika hakai nje ya uwanja akinuna, anakwenda kujenga nyumba yake.

Klabu hizo mbili zilikuwa mali ya wanachama kwa maana isiyo ya mafumbo. Mtu alilipa ada, alipewa kadi, alipiga kura. Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar aliyeuawa Aprili 1972, alizisaidia zote mbili kupata majengo: Yanga pale mitaa ya Twiga na Jangwani, Simba mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Jengo la klabu lilikuwa mahali pa kunywa kahawa, kucheza bao na kusengenya viongozi, na wazee waliokaa barazani walijiona, kwa haki yao, ndio wenye mali. Mchezaji aliingia na kutoka, kocha aliingia na kutoka, mzee wa baraza alibaki.

Mpasuko mkubwa ulikuja wakati wa neema. Hilo ni jambo la kuangalia, maana tumezoea kudhani timu hugombana zikifungwa. Tarehe 10 Agosti 1974, Nyamagana, Mwanza, Yanga ilikuwa nyuma kwa bao la Adam Sabu wa Simba mpaka dakika za mwisho, Gibson Sembuli akasawazisha, na Sunday Manara akafunga la ushindi katika muda wa nyongeza. Ubingwa wa nchi ukaenda Jangwani. Januari 1975 wakakutana tena Zanzibar, fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati: Yanga 2, Simba 0, wafungaji walewale wawili. Timu hiyo ingeweza kwenda popote. Mwaka huohuo ilitolewa na Enugu Rangers ya Nigeria katika kombe la Afrika, kwa bao la ugenini tu, na hapo watu wakaanza kuhesabiana makosa.

Aliyesimama katikati ya dhoruba alikuwa kocha, Tambwe Leya, kutoka Zaire. Lakini kocha alikuwa kisingizio cha swali jingine: nani mwenye neno la mwisho ndani ya Yanga? Wazee wa baraza na kadi zao za siku nyingi, au kizazi kipya cha wachezaji na wapenzi waliosoma, waliosafiri, waliotaka timu iendeshwe kisasa? Mji ukazipa pande hizo majina ya viatu. Upande mmoja Yanga Kandambili, wa zile ndara za mpira ambazo Wakenya huziita pati-pati. Upande wa pili Yanga Raizoni, wa viatu vya soli nene vilivyokuwa fasheni ya vijana wa miaka ile, vinavyomfanya mtu mfupi awe mrefu hadi atakapovua. Sijui kama kuna mgogoro wa mpira popote uliopata majina mazuri kuliko hayo. Ndani ya maneno mawili umewekwa umri, kipato, elimu, mtaa na kiburi.

Mwaka 1976 Raizoni waliondoka. Waliunda Pan African, na wachezaji wengi waliokuwa roho ya kikosi wakaenda nao, wakiwemo ndugu wa familia ya Manara. Huu haukuwa ususiaji wa mechi. Waliotoka walibeba mpira wao, wakaenda kusimama upande wa pili wa uwanja uleule. Waliobaki walibaki na jengo, rangi za kijani na njano, jina, na timu ya vijana waliopaswa kukua haraka.

Na mashabiki? Hapa ndipo habari inapouma. Mwanachama alikuwa na kadi, aliweza kuchagua upande kwa kura au kwa miguu. Shabiki wa kawaida, wa Temeke au Tanga au Kigoma, aliamka akakuta timu mbili, zote zikidai ni ile aliyoipenda. Waliofuata wachezaji walienda Pan. Waliofuata jina walibaki Jangwani. Pan African haikuwa mchezo: Jella Mtagwa, Leodegar Tenga na Juma Pondamali walikuwa watu wa Pan, na walikuwemo Tanzania ilipokwenda fainali za Afrika mjini Lagos mwaka 1980. Mwaka 1982 Pan ilitwaa ubingwa wa nchi.

Aliyefaidi zaidi ugomvi huo hakuwa Kandambili wala Raizoni. Simba ilichukua ubingwa mara tano mfululizo, 1976 hadi 1980. Tarehe 19 Julai 1977 iliifunga Yanga mabao 6 kwa 0. Abdallah Kibadeni alifunga matatu peke yake, na hakuna aliyerudia kufunga matatu katika mechi hiyo kwa miaka mingi. Mzee wa Yanga ukimtajia sita bila, atakwambia habari za 1976, hatakwambia za 1977. Simba nao wasijisifu mno, maana kwao pia walitoka watu wakaunda Nyota Nyekundu.

Miaka ikapita, na soli nene zikatoka kwenye fasheni. Swali lile likarudi limevaa tai. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuingia 2000 Yanga iligawanyika tena: Yanga Kampuni, waliotaka klabu igeuzwe kampuni yenye hisa, Yanga Asili, waliosema klabu ni ya wanachama na haiuzwi, na kama mbili hazitoshi, Yanga Academia. Zamani walipewa majina ya viatu, sasa majina yenyewe yalitangaza umiliki. Walikwenda mahakamani, walifungiana milango ya jengo, na kila upande ulikuwa na wazee wake na muhuri wake. Mapatano yalipatikana katikati ya muongo wa 2000, na mmoja wa walioingia na fedha za kutuliza mambo alikuwa mfanyabiashara Yusuf Manji.

Wakati Jangwani wakipatana, Manchester walikuwa wanaachana.

Mei 2005 Malcolm Glazer, tajiri wa Florida, alizikamata hisa za kutosha kuimiliki Manchester United. Klabu nzima ilithaminiwa pauni milioni 790, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo uliobebeshwa klabu yenyewe. Yaani timu ambayo haikuwa na deni ilikopeshwa ili inunuliwe, kisha ikaambiwa ilipe. Mtu wa Busia anayenunua bodaboda kwa mkopo anaelewa kwamba bodaboda italipa deni, lakini angalau anajua kwamba aliyekopa ni yeye.

Mashabiki walikuwa wamejipanga. Miaka sita kabla yake walikuwa wamepiga kelele mpaka serikali ya Uingereza, mwaka 1999, ikaizuia kampuni ya televisheni ya Rupert Murdoch kuinunua klabu hiyo kwa pauni milioni 623. Wengine walinunua hisa ndogondogo ili wawe na sauti. Lakini hisa ndogo si kadi ya Yanga. Mtu mwenye kadi ana kura moja sawa na tajiri. Mwenye hisa ana kura sawa na fedha yake. Wanahisa wakubwa wawili wa Ireland walipomuuzia Glazer asilimia zao karibu 29, mchezo uliisha kabla haujaanza, na wapenzi wa miaka 40 wakajikuta hawana mkutano wa kwenda, hawana mwenyekiti wa kumzomea, hawana baraza. Walikuwa na kitu kimoja tu mkononi, tiketi ya msimu.

Hapo ndipo walipogawanyika, na mgawanyiko wao ulikuwa mchungu kwa sababu hakuna aliyempenda Glazer. Kandambili na Raizoni walitaka vitu viwili tofauti. Hawa walitaka kitu kimoja, wakakosana juu ya njia. Waliosema tususie walikuwa na hesabu rahisi: klabu ina deni, deni linalipwa na mapato, mapato yanatoka mifukoni mwetu, tukifunga mifuko mkopo utamshinda na atauza. Waliosema tusitoke walijibu kwamba timu ni ya babu yangu kabla haijawa ya Glazer, na siwezi kumwachia kiti changu mtalii. Wengine walikuwa na sababu ndogo zaidi na za kweli zaidi: Jumamosi ndiyo siku pekee namwona kaka yangu, na tunaonana pale.

Waliotoka waliunda FC United of Manchester katika kiangazi cha 2005. Walianzia daraja la chini la ligi za kaskazini-magharibi, wakiazima uwanja wa Bury, Gigg Lane, na mechi zao za mwanzo zilivuta maelfu katika ligi iliyozoea kuvuta makumi. Kila mwanachama, kura moja. Kwa maneno mengine, baada ya zaidi ya karne ya mpira wa kulipwa, watu wa Manchester waligundua kadi ya Jangwani. Mwaka 2015 walifungua uwanja wao wenyewe, Broadhurst Park, na wageni wa siku hiyo walikuwa Benfica wa Ureno.

Je, walimpunguzia Glazer? Hapana. Old Trafford iliongezwa viti mwaka 2006 hadi kuchukua watu 76,000 hivi, na ilijaa. Kila kiti kilichoachwa na aliyesusia kilipata mtu aliyekuwa kwenye foleni miaka mingi. Ndiyo udhaifu wa kuisusia timu kubwa: unachomnyima mwenye nayo, mwenzako anampa siku hiyohiyo, tena kwa furaha. Wenzao wa Wimbledon waliwahi kufanikisha ususiaji mzima. Mwaka 2002, klabu yao iliporuhusiwa kuhamishiwa mji wa Milton Keynes, karibu wote walitoka pamoja, na mechi moja ya Oktoba mwaka huo ilihudhuriwa na watu 849. Lakini Wimbledon ilikuwa timu ya mtaa. Huwezi kuitoa Manchester United mtaani wakati mtaa wake unafika Bulumbi.

Mwaka 2010 waliobaki walijaribu njia nyingine: waliingia uwanjani wamevaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la kwanza la klabu hiyo mwaka 1878. David Beckham mwenyewe, akiwa Milan, aliivaa moja akitoka uwanjani Old Trafford. Ilipendeza sana. Glazer hakuondoka.

Mechi pekee waliyoweza kuizuia waliizuia kwa kwenda uwanjani. Aprili 2021 klabu 12 za Ulaya, Manchester United ikiwemo, zilitangaza ligi yao ya kujifungia, na ndani ya siku mbili zile sita za Uingereza zikakimbia hasira za watu. Tarehe 2 Mei waandamanaji waliingia Old Trafford, wakatembea kwenye nyasi, na mechi dhidi ya Liverpool ikaahirishwa hadi tarehe 13. Viwanja vilikuwa vitupu siku hizo kwa ajili ya korona. Hakuna aliyekuwa na tiketi, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na cha kususia, na kwa mara ya kwanza tangu 2005 waliotoka na waliobaki walikuwa upande mmoja wa mlango. Mapema 2024 tajiri wa Uingereza, Jim Ratcliffe, alinunua zaidi ya robo ya klabu. Familia ya Glazer ingali na sehemu kubwa.

Huku kwetu mwekezaji alipiga hodi mwaka 2016, na alipiga hodi Kariakoo kabla ya Jangwani. Simba ilikuwa haijagusa ubingwa tangu 2012. Mohammed Dewji, Mo, mwanachama na mpenzi wake wa siku nyingi, alitangaza shilingi bilioni 20 ili apate asilimia 51. Mkutano wa wanachama wa Julai mwaka huo uliinua mikono. Ingekuwa Manchester, habari ingeishia hapo. Msimbazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, maana Mzee Hamisi Kilomoni, mchezaji wa zamani na mdhamini wa klabu, alisema hapana, na akaipeleka hapana yake mahakamani. Vijana mitaani walimkasirikia. Walimwona mzee wa kandambili anayezuia makombe. Mimi namwona tofauti kidogo: alikuwa akiuliza, kwa njia yake ngumu, karatasi za mali ziko wapi na nani amezisaini, swali ambalo watu wa Manchester wangelitamani liulizwe na mtu mwenye mamlaka ya kuuliza.

Serikali nayo iliingia na kanuni kwamba wanachama lazima wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wasizidi 49. Desemba 2017 Mo alitangazwa mshindi wa zabuni, akaomba 50, na mwaka 2018 akakubali 49. Kuanzia msimu wa 2017/18 Simba ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo. Hapo ubishi ukanyamaza. Makombe yana tabia hiyo.

Kwa Yanga, Manji, wakati huo akiwa mwenyekiti, alileta pendekezo lake Agosti 2016: akodishiwe timu na nembo kwa miaka 10, faida asilimia 75 yake, 25 ya klabu, hasara yote yake. Ukumbi ulishangilia. Baraza la wazee, Mzee Akilimali akiwa mstari wa mbele, likapinga, vyombo vya michezo vikasita, na mpango ukafia njiani. Mei 2017 Manji alijiuzulu. Lakini kinachonikaa kichwani ni kitu kilichotokea wiki chache kabla ya pendekezo hilo. Tarehe 28 Juni 2016 Yanga ilicheza na TP Mazembe ya Lubumbashi kwenye Uwanja wa Taifa, na mashabiki wakaruhusiwa kuingia bure. Watu walifurika. Yanga ilifungwa 1 kwa 0, lakini tazama maana ya siku ile: tajiri alikuwa ameionyesha nchi nzima kwamba haihitaji shilingi ya mlangoni. Na tajiri asiyehitaji shilingi yako ya mlangoni, utamsusia na nini?

Ndiyo maana nasema kususia ni silaha ya mtu asiye na kadi, na ni silaha butu. Mwenye kadi ana silaha nyingine, hata kama ameitumia vibaya, hata kama ameiharibia timu mwaka mzima kwa ugomvi wa muhuri. Uganda ina mfano wake wa karibuni: SC Villa, klabu iliyozoea kuongozwa na wakubwa wachache, mwaka 2021 iliwapa wanachama kura ya kumchagua rais, na msimu wa 2023/24 ikatwaa ligi kwa mara ya kwanza tangu 2004. Sisemi kura ndiyo iliyofunga mabao.

Lakini hata kadi ina kasoro ambayo hatupendi kuisema. Wenye kadi ni wachache. Wanaokata rufaa, wanaoinua mikono ukumbini, ni sehemu ndogo kabisa ya wanaolia timu ikifungwa. Shabiki wa Simba wa Kigoma na shabiki wa Manchester wa Bulumbi wako karibu zaidi kuliko wanavyodhani: wote wawili wanasikia maamuzi kwenye redio. Klabu zetu zikigeuka kampuni, na zinageuka, kadi itabaki lakini uzito wake utapungua, na siku moja watu wa Msimbazi au Jangwani watabishana juu ya kwenda au kutokwenda uwanjani kama walivyobishana watu wa Manchester. Siku hiyo ikifika, waulizane kwanza nani anayelipwa na kiingilio. Kama ni mwenye kibanda, wakae chini watazame mpira.

Kwa Wasamia wa pande zote mbili imebaki Ingwe. Hadi leo ni mali ya wanachama, haina Glazer, haina Mo, haina Manji. Katikati ya muongo wa 2000 iliteremka daraja, ikarudi mwaka 2009, na wapenzi wake hawajaacha kuifuata na isukuti. Ubingwa wake wa mwisho wa ligi, hadi kufikia msimu wa 2024/25, ni ule wa mwaka 1998.